Diploma Mbele ya Mpaka



Katika nyumba nyingi za Bukavu, Kalemie, Goma na Uvira, diploma haitundikwi ukutani. Hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ubatizo na hati ya kuzaliwa, kisha ikafichwa chini ya nguo sandukuni. Siku watu wanapokimbia, mfuko huo hunyakuliwa mapema, mara tu baada ya watoto. Twajua sababu. Nyumba yaweza kujengwa upya na shamba laweza kulimwa upya, bali masomo ya miaka kumi na mitano ni vigumu kuanzwa tena na mtu aliyefikia umri wa miaka arobaini.

Lakini wengi waliofika mbali na mfuko ule wametuletea habari nyingine. Karatasi iliyowapa heshima hapa nyumbani, ilipofunguliwa mbele ya karani wa nchi ya ugeni, haikusema kitu. Mwalimu amekuwa mlinzi wa usiku. Muuguzi amepewa ufagio katika hospitali ambayo wagonjwa wake angeweza kuwahudumia. Wengine wakasema kwamba huo ni ubaguzi mtupu. Wengine wakasema, kwa huzuni kubwa zaidi, kwamba elimu yetu haina thamani. Historia inatufundisha kwamba jambo hili ni la kale kuliko nchi yetu, kwamba limewapata Wazungu wenyewe kwa Wazungu, na kwamba kizazi cha babu zetu hapa Kongo kililipitia kwa namna ambayo yastahili kukumbukwa.

Nitafuata njia ya madaktari, ambao wengi wetu twawaita waganga. Kazi yao yaonyesha tatizo waziwazi. Malaria ya Fizi ni malaria popote, na mfupa uliovunjika huungwa kwa namna moja pande zote za mto. Hata hivyo vyeti vyao ni kati ya vile vinavyokaguliwa kwa ukali mkubwa zaidi.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1233 Papa Gregori IX aliwapa walimu wa chuo kikuu cha Toulouse, kusini mwa Ufaransa, haki iliyoitwa kwa Kilatini licentia ubique docendi, yaani ruhusa ya kufundisha popote. Maana yake ilikuwa wazi: aliyefaulu Toulouse asidaiwe mtihani wa pili mahali pengine. Papa Nikola IV alikitolea haki hiyo chuo cha Bologna mwaka 1291 na cha Paris mwaka 1292. Zama zile wasomi wa Ulaya ya magharibi walikuwa na lugha moja ya darasani, Kilatini, na vitabu vyao vilikuwa karibu vile vile. Kama kuna wakati ambapo diploma ingeweza kuvuka mpaka bila maswali, ndio huo. Haikuwa hivyo. Paris haikutaka kuwapokea wasomi wa Oxford bila kuwajaribu, na Oxford ikawatendea wa Paris vivyo hivyo. Barua ya Papa ilisema popote. Mlango wa darasa ulisema ngoja kwanza.

Ndani ya kila diploma mna mambo mawili yaliyoshikamana, nasi huyachanganya mara nyingi. La kwanza ni ushahidi: mtu huyu amejifunza hili na lile. La pili ni ruhusa: mtu huyu aachiwe kufanya kazi hii kati ya watu wetu. Ushahidi waweza kusafiri, maana maarifa yako kichwani na mikononi mwa mwenyewe. Ruhusa haisafiri. Hutolewa na mwenye mji, kwa watu wa mji wake, na nje ya malango hukoma.

Katika karne ya 19 serikali za Ulaya ziliikaza ruhusa hiyo kwa sheria. Uingereza iliweka daftari la madaktari mwaka 1858. Ufaransa, kwa sheria ya mwaka 1892, iliagiza kwamba anayetaka kutibu lazima awe na diploma ya udaktari ya serikali ya Ufaransa. Tusiharakishe kulaumu. Kabla ya sheria hizo mtu mwenye ulimi mtamu aliweza kuuza maji ya rangi sokoni na kujiita daktari, na anayetembea katika masoko yetu leo, kati ya meza za vidonge vilivyoanikwa juani, ataelewa kwa nini watu walitaka ukuta. Mgonjwa hawezi kumpima daktari wake. Lazima mtu mwingine awe amempima kabla. Shida ni kwamba ukuta unaomlinda mgonjwa humlinda pia daktari aliyekwisha kuwa ndani, asipate mshindani. Sababu hizi mbili, ya haki na ya tumbo, huzungumza kwa maneno yale yale, na mtu aliye nje ya lango hawezi kujua ni ipi inayomjibu.

Mwaka 1933 mambo hayo mawili yalionekana kwa ukali. Mwezi Aprili utawala wa Hitler uliwaondoa Wayahudi katika kazi za serikali ya Ujerumani, na madaktari Wayahudi wakaanza kufukuzwa katika hospitali. Mwezi huo huo wa Aprili, Ufaransa ilipitisha sheria nyingine iliyodai kwamba daktari awe na diploma ya Kifaransa na pia uraia au uhusiano wa kisheria na nchi zilizokuwa chini ya Ufaransa. Hivyo mlango mmoja uliwatupa watu nje, na mlango wa jirani ukafungwa. Tarehe 30 Septemba 1938 ruhusa za madaktari Wayahudi wote nchini Ujerumani zilifutwa. Jambo hili lafaa kukumbukwa: diploma yaweza kufa hata katika nchi iliyoizaa, bila mwenyewe kusahau neno moja la aliyojifunza.

Kati ya waliofutwa alikuwamo Ludwig Guttmann, aliyezaliwa mwaka 1899, bingwa wa magonjwa ya mishipa ya fahamu katika mji wa Breslau. Alipofukuzwa katika hospitali ya serikali aliendelea kazi katika hospitali ya Wayahudi wa mji huo, na usiku wa Novemba 1938 ambao masinagogi yalichomwa, akaamuru mwanaume yeyote aliyekuja kutafuta hifadhi apokewe kama mgonjwa. Mwezi Machi 1939 alifika Oxford pamoja na mke wake na watoto wawili, akisaidiwa na chama cha wasomi wa Uingereza kilichowatafutia nafasi wenzao waliokimbia.

Uingereza iliwapokea wakimbizi hao kwa mkono mmoja na kuwazuia kwa mwingine. Viongozi wa madaktari wa nchi hiyo waliogopa wingi wa wageni. Baada ya Austria kutekwa na Hitler mwaka 1938, walikubali madaktari hamsini tu kutoka huko, na hao nao kwa sharti la kurudia masomo ya hospitali kwa miaka miwili na kufanya mitihani ya Kiingereza. Wanawake wengi wenye elimu ya juu waliingia kwa kibali cha mtumishi wa nyumbani: walipika na kufua katika nyumba za watu ambao huenda walisoma vitabu vichache kuliko wao. Guttmann alikuwa na bahati kuliko wengi, kwa kuwa jina lake lilijulikana. Hata yeye, kazi aliyopewa Oxford kwa miaka ya kwanza ilikuwa ya utafiti. Mtu aliyekuwa ameongoza hospitali nzima alirudishwa kwenye meza ya maandishi.

Kilichobadilisha mambo hakikuwa huruma. Vita vilikuja, madaktari wa Uingereza wakapelekwa jeshini, mabomu yakaanguka mijini, na wagonjwa wakabaki bila wa kuwatibu. Mwaka 1941 serikali ikafungua daftari la muda kwa ajili ya madaktari wa kigeni, na waliosemekana jana kuwa hawajulikani wakaitwa leo hospitalini. Baada ya vita, sheria ya mwaka 1947 iliwapa wengi wao nafasi ya kudumu. Maarifa yao yalikuwa yale yale ya mwaka 1938. Haja ndiyo iliyoongezeka.

Mwezi Februari 1944 serikali ilimkabidhi Guttmann wodi ya askari waliovunjika uti wa mgongo, mahali paitwapo Stoke Mandeville. Madaktari wengi hawakuitamani kazi hiyo, kwa sababu wagonjwa wa namna ile walikuwa wakifa baada ya majuma au miezi michache, kwa vidonda vya kulala na maambukizo ya mkojo. Guttmann aliagiza wageuzwe kitandani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, naye mwenyewe alikuwa akija usiku kuhakikisha. Akawapa kazi za mikono, kisha michezo. Tarehe 29 Julai 1948, siku ambayo Michezo ya Olimpiki ilifunguliwa London, wagonjwa 16, wanaume 14 na wanawake 2, walishindana kwa upinde na mishale katika uwanja wa hospitali hiyo. Mwaka 1960 mashindano hayo yalifanyika Roma, nayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa Michezo ya kwanza ya Olimpiki ya Walemavu. Ukiwatazama wanariadha wetu wa viti vya magurudumu, kumbuka kwamba mwanzilishi wa jambo hilo alikaa karibu miaka mitano akingoja kupewa wodi.

Mwaka huo huo wa 1960 swali lile lile lilikuwa limefika Kongo, nasi ndio tuliokuwa na diploma isiyosomeka.

Utawala wa Ubelgiji ulikuwa umejenga elimu ya Kongo kama nyumba pana isiyo na ghorofa. Watoto wengi waliingia shule ya msingi; wachache walipanda juu. Walikuwako waliopita kwa njia za pekee. Paul Panda Farnana, aliyezaliwa karibu na Banana, alipelekwa Ubelgiji akiwa mtoto, akapata diploma ya kilimo huko Vilvoorde mwaka 1907, akaongeza masomo Ufaransa, na mwaka 1909 serikali ya koloni ikampeleka kufanya kazi katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na mji tuuitao leo Mbandaka. Njia yake haikufanywa barabara. Katika Kanisa mlango ulifunguka mapema zaidi: Stefano Kaoze, mtu wa upande wetu wa Tanganyika, alipewa upadri tarehe 21 Julai 1917 huko Baudouinville, na wakati wa uhuru mapadri Wakongo walihesabika kwa mamia. Lakini seminari ilimwandalia mtu altare. Aliyeiacha njiani, hata akiwa amejua Kilatini na falsafa, alikuta kwamba miaka yake haikuhesabiwa sawa na ya sekondari ya Ubelgiji. Chuo kikuu cha Lovanium kilipofunguliwa mwaka 1954, ililazimu kiweke mwaka mzima wa maandalizi kabla ya masomo yenyewe, kwa kuwa diploma za shule zetu hazikutosha mbele ya sheria.

Kwa upande wa uganga, ngazi ya juu kabisa iliyoruhusiwa kwa Mkongo ilikuwa ile ya assistant médical, msaidizi wa tiba. Shule yao ilianzishwa Léopoldville mwaka 1936, na nyingine huko Kisantu, chini ya shirika la tiba la Chuo Kikuu cha Louvain lililoitwa FOMULAC, lile lile lililojenga hospitali ya Katana kando ya ziwa Kivu. Masomo yao yalikuwa marefu, kwa kawaida miaka sita pamoja na mazoezi ya hospitali. Walijifunza mwili wa mwanadamu, magonjwa ya nchi za joto, dawa, upasuaji mdogo. Walipima, walitibu, walizalisha. Wengine kati yao walijua ugonjwa wa usingizi na ukoma kuliko daktari kijana aliyeshuka jana kutoka melini. Lakini sheria iliwaweka chini ya daktari Mzungu, na shule yao haikuendelea hadi udaktari. Ilikuwa elimu iliyokatwa kabla ya mwisho wake kwa makusudi, na diploma yao iliandikwa kwa namna ambayo isingeweza kuombea nafasi mahali pengine popote duniani. Nadhani hilo ndilo jeraha la ndani la jambo zima: mtu kufundishwa vizuri, kisha kupewa karatasi inayosema kwamba hakufundishwa hadi mwisho.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru bila kuwa na daktari Mkongo hata mmoja. Wa kwanza wa Lovanium walikuwa bado darasani. Tarehe 5 Julai askari wa Force Publique waliasi, hofu ikaenea, na Wabelgiji wakakimbia kwa maelfu, madaktari wengi wakiwamo. Hospitali za mikoa zilibaki na wagonjwa, vitanda na wasaidizi wa tiba. Hao, ambao walikuwa zaidi kidogo ya mia moja kwa nchi nzima, wakashika funguo. Wauguzi nao wakabeba mizigo iliyozidi vyeo vyao. Mashirika ya Msalaba Mwekundu yakatuma vikundi, na Shirika la Afya Duniani, likiongozwa wakati ule na Mbrazili Marcolino Candau, likaleta wataalamu na kuanza kutafuta madaktari wa kuajiriwa.

Hapo ndipo serikali mpya ilipokuwa na njia rahisi mbele yake. Ingeweza kuandika amri kwamba kuanzia kesho kila msaidizi wa tiba ni daktari. Jeshini ilifanywa hivyo: katika siku chache za Julai 1960 askari walipandishwa vyeo, Victor Lundula akawa jenerali na Joseph Mobutu kanali. Msaidizi wa tiba angeweza kusema kwa haki: mimi nimekwisha kufanya kazi ya daktari, nipeni jina lake. Na nani angemkatalia?

Njia iliyochaguliwa ilikuwa nyingine, na ilikuwa ngumu. Kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, wasaidizi wa tiba yapata sitini walipelekwa Ufaransa kumaliza udaktari. Vyuo vikuu vya Ufaransa vilikubali kuhesabu miaka waliyokwisha kusoma. Hawakuambiwa waanze pamoja na vijana waliotoka sekondari. Waliingizwa katika miaka ya juu ya masomo, wakamalize kilichobaki kwa muda wa miaka mitatu hivi. Mwaka 1963 walianza kurudi nyumbani wakiwa madaktari.

Tufikiri kidogo uzito wa uamuzi huo. Nchi haina madaktari. Waliobaki wa kushika mahali pao ni watu mia na kidogo. Nawe unawatoa karibu nusu yao, unawapeleka ng'ambo miaka mitatu. Mkulima mwenye njaa anatoa mbegu ghalani kwenda kuipanda, na watoto wanamtazama. Wagonjwa wa miaka ile mitatu walilipa gharama yake, na hatuna haki ya kuwasahau kwa sababu tu hesabu ilikuja kuwa nzuri. Na kwa upande wa waliokwenda, fikiri mwanaume aliyezoea kuongoza wodi, anayeitwa munganga na kijiji kizima, pengine baba wa watoto wanne, anakaa kwenye benchi pamoja na vijana wa miaka ishirini na miwili, anaulizwa na profesa, anasubiri matokeo ubaoni. Kujishusha namna hiyo si kwepesi. Hata hivyo nasema kwamba walitendewa haki kuliko madaktari wa Austria wa mwaka 1938, na tofauti yaweza kutajwa kwa usahihi. Kule walihesabiwa vichwa, hamsini na basi. Huku walihesabiwa miaka: umesoma nini, umebakiza nini, njoo umalize. Mgonjwa alilindwa, kwa kuwa mtihani ulikuwapo. Na mwenye kujua hakutendewa kama asiyejua.

Inatupasa pia kutaja kwamba nchi iliyofungua vyuo vyake kwa Wakongo ni ile ile iliyofunga mlango mwaka 1933. Waliopokewa mwaka 1960 walikuja kusoma na kurudi kwao. Hawakuja kushindana na mtu mjini Lyon au Paris. Ni rahisi kumfungulia darasa mgeni ambaye tarehe ya kuondoka kwake yajulikana.

Mahali pao, na mahali pa maelfu ya Wabelgiji walioondoka, Kongo ilijazwa na wageni wengine. Hapo sisi ndio tuliokuwa wenye lango. Walikuja kutoka nchi nyingi, lakini wanaokumbukwa zaidi na wazee wetu ni Wahaiti: walimu, madaktari, wanasheria na mabwana shamba, watu weusi wanaosema Kifaransa, wengi wao wakikimbia utawala wa François Duvalier nyumbani kwao. Waliajiriwa kwa mamia kupitia mashirika ya Umoja wa Mataifa na serikali. Mtengenezaji filamu Raoul Peck, aliyemfanyia Lumumba filamu mbili, alikulia Léopoldville kwa sababu baba yake alikuwa mmoja wa wataalamu hao wa kilimo. Mara hii vyeti vya ng'ambo vilisomwa upesi. Shule ilikuwa haina mwalimu. Mhaiti alikuwa na diploma. Septemba akaingia darasani. Kama Uingereza ya mwaka 1941, nasi tulijifunza kusoma kwa sababu ya uhitaji.

Miaka iligeuka. Kutoka kizazi hadi kizazi wasomi wa Kongo walianza kutoka wenyewe, na mwaka 1996 vita viliwasukuma watu wa Kivu kuvuka ziwa Tanganyika. Katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma, iliyofunguliwa mwaka huo, wakimbizi walianzisha shule. Wangeweza kuwafundisha watoto kwa mpango wa Tanzania, ambayo lugha yake ya shule ya msingi ni Kiswahili chetu wenyewe. Walichagua mpango wa Kongo, kwa Kifaransa, hadi mtihani wa serikali ya Kongo. Kuna waliouona uchaguzi huo kuwa wa ajabu: mtoto anazaliwa Tanzania, anakua Tanzania, anajifunza kwa lugha isiyosemwa sokoni. Lakini wazazi wale walikuwa wameuliza swali sahihi kabla ya wakati: karatasi hii itasomwa wapi, na nani? Waliamini kwamba itasomwa Uvira na Baraka. Kwa waliorudi, walikuwa wameona vema. Kwa waliopelekwa baadaye Marekani na Kanada, swali lilianza upya.

Sheria za dunia hazikunyamaza juu ya jambo hili. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1951 kuhusu wakimbizi unazitaka nchi, katika kifungu chake cha 22, ziwatendee wakimbizi kwa wema iwezekanavyo katika kutambua vyeti na diploma za ng'ambo. Nchi za Afrika zilifanya mkataba wao wa kutambuliana diploma huko Arusha mwaka 1981, kisha wakaupyaisha Addis Ababa mwaka 2014, na mkataba huo mpya ukaanza kutumika Desemba 2019. Mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997, wa nchi za Ulaya, ulikwenda mbele zaidi: unataka mkimbizi apimwe maarifa yake hata kama karatasi zake zimepotea au zimeungua. Kutokana na wazo hilo Baraza la Ulaya lilianzisha mwaka 2017 hati iitwayo pasipoti ya Ulaya ya sifa za kielimu za wakimbizi. Mtu hujaza maswali kwa maandishi, hutoa karatasi alizo nazo, kisha wapimaji huzungumza naye ana kwa ana juu ya chuo chake, walimu, vitabu, mitihani, kazi alizofanya. Wakiridhika, humwandikia hati inayodumu miaka mitano. Hati hiyo yasaidia kuomba nafasi ya masomo au kazi ya kawaida. Haimpi mtu ruhusa ya kutibu. Ushahidi umevuka, ruhusa imebaki langoni, kama zama za Toulouse.

Kwa hiyo daktari wa Kongo anayefika Ufaransa leo ili akae na kufanya kazi hapokewi kama wale sitini. Diploma iliyotoka nje ya Umoja wa Ulaya haimruhusu kutibu kama daktari kamili. Lazima afaulu mtihani wa taifa wa kuthibitisha maarifa, wenye nafasi zilizohesabiwa, kisha afanye kazi kwa kipindi chini ya usimamizi, ndipo faili lake lisomwe. Wengi hufanya kazi katika hospitali za Ufaransa wakiwa na cheo cha chini na mshahara wa chini huku wakingoja, zamu za usiku zikiwa zao. Mtihani wenyewe sioni kwamba ni dhuluma. Nafasi zilizohesabiwa, hizo zanikumbusha hamsini ya mwaka 1938.

Kati ya vijana wa vikundi vyetu wamo wanaosoma uganga, uuguzi, sheria na ualimu, na baadhi yao wataondoka, kwa hiari au kwa kukimbizwa. Wamo pia Warundi wanaokaa Lusenda, wilayani Fizi, tangu mwaka 2015, wenye vyeti vyao katika mifuko ya plastiki kama yetu. Kwa wote kuna kazi inayoweza kufanywa mapema, wakati ofisi za chuo zingali wazi na njia zingali salama. Diploma peke yake ni kurasa moja, nayo husema machache. Anayepima miaka ya mtu hutaka orodha ya alama za kila mwaka, maelezo ya kila somo na saa zake, barua za hospitali au shule alipofanya mazoezi, na, kwa daktari, cheti cha Ordre des médecins kwamba hana kosa. Nakala zenye mhuri zitengenezwe zaidi ya moja. Moja ikae kwa mtu wa kuaminika katika mji mwingine, nyingine ipigwe picha na kutunzwa katika barua pepe, ambayo haiungui pamoja na nyumba. Na majina ya walimu yaandikwe, pamoja na mahali walipo, kwa kuwa siku moja mtu asiyejua Bukavu iko wapi atauliza ni nani awezaye kushuhudia.